Faini Inayozaa

Wenzangu wa kalamu, tuanze kwa kuulizana. Katika riwaya zote za Kiswahili ulizosoma, kuanzia zile za darasani mpaka zile za kuazimana ambazo jalada lilishakatika siku nyingi, umewahi kukuta mhusika anaandikiwa faini ya barabarani? Mimi sikumbuki. Willy Gamba wa Elvis Musiba kafukuza watu na yeye kafukuzwa, lakini sikumbuki hata siku moja kasimamishwa na trafiki akaulizwa uko wapi mtungi wa kuzimia moto. Wapelelezi wana bahati yao. Sisi tunaoamka saa kumi alfajiri kuita abiria tumeisoma karatasi ya faini mara nyingi kuliko kitabu chochote.

Mimi ni kondakta. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale yale ya wengi, nikapewa mlango wa Coaster ya Bagamoyo–Makumbusho. Riwaya yangu naiandika kwenye daftari la hesabu za gari, kwa kuanzia nyuma. Mbele ni mali ya tajiri: mafuta, stendi, pancha, "njiani". Nyuma ni mali yangu. Iko siku kurasa zitakutana katikati na sijui nani atamla nani.

Hilo neno "njiani" ndilo lililonifanya niandike makala haya. Pale nyumbani, jioni, kwenye kahawa, kuna wazee wangu ambao nawaheshimu sana, lakini wana wimbo mmoja. Ikitokea ajali popote, hata Kigoma, wanasema: "Faini ziongezwe! Madereva hawa hawasikii mpaka waguswe mfukoni." Na vijana wenzangu wanaotaka kuonekana wana busara nao wanaitikia. Nami nasema hapana. Faini ikiongezwa, na juu yake ikawekwa nyongeza, na nyongeza ikawekewa siku za kuiva kama ndizi, kosa halipungui barabarani. Linalopungua ni kuandikwa kwa kosa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na katikati ya hayo mawili ndipo mtu anapovunjika mkono.

Kwanza tuelewane jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi, maana wengi wanaokipigia kelele hawajakishika. Sheria mama ni ile ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya mwaka 1973. Ukikosa, badala ya kuburuzwa mahakamani, askari anaweza kukuandikia, ukakubali kosa, ukalipa, mambo yakaisha. Ni utaratibu mzuri, siupingi. Hakimu ana kesi za mauaji na mirathi, hana haja ya kusikiliza habari za taa yangu ya breki. Kwa muda mrefu bei ilikuwa 20,000 kwa kosa moja. Katika bajeti ya mwaka 2011 ikapandishwa ikawa 30,000.

Rudia kusoma: katika bajeti. Haikupandishwa kwenye mkutano wa madaktari wa mifupa wala wa mafundi wa barabara. Ilipandishwa msimu ule tunaokaa redioni kusikiliza bia na sigara zimefika wapi mwaka huu. Na ilipopunguzwa kwa bodaboda na bajaji, kutoka 30,000 kuwa 10,000, habari hiyo ilitoka wapi? Kwenye hotuba ya bajeti tena, Juni 2021, ya Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba. Hotuba hiyo hiyo ikaongeza shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara za TARURA, na ikatuletea tozo ya miamala ya simu ambayo kila mtu anakumbuka kelele zake. Kwa hiyo bodaboda alipunguziwa faini ya siku akikosa, akaongezewa bei ya siku asizokosa. Kitu kinachopanda na kushuka ndani ya hotuba ya bajeti ni kodi. Tukiite kodi basi, tujue tunabishana juu ya nini.

Haya, zikaja mashine. Zamani ulilipa taslimu ukapewa stakabadhi, na stakabadhi nyingine zilikuwa na mama lakini baba hajulikani. Mashine ikaziba tundu hilo, nakubali kwa moyo mmoja. Askari anabonyeza namba ya gari, karatasi inatoka na namba ya malipo, unalipa kwa simu au kwa wakala. Safi. Lakini mashine ina tabia moja ambayo mwanadamu hana: haisahau. Na zikipita siku 7 hujalipa, faini inazaa. Ile 30,000 yetu ya kwanza niliyoiona kwa macho yangu, siku ya nane niliikuta imekuwa 37,500. Halafu deni halimfuati aliyekosa, linaifuata namba ya gari. Unaweza kuwa umeanza kazi leo, shati la sare bado lina mikunjo ya dukani, gari likasimamishwa ukaambiwa mnadaiwa, na hamuondoki hapa. Makosa ya nani? Ya konda aliyeacha kazi mwezi uliopita, saa hizi anauza mitumba Tandale.

Piga hesabu pamoja nami. Makosa manne ya 30,000 ni 120,000. Yote yakizaa ni 150,000. Hiyo 30,000 ya juu ni kosa la tano ambalo hakuna aliyelitenda.

Na tajiri analipa? Tajiri anasema kosa ni la dereva. Dereva anasema tairi ni la tajiri, kasi ni ya hesabu aliyopangiwa na tajiri, na abiria kawazidisha konda. Konda anasema… konda hana wa kumsukumia. Kwa hiyo deni linakaa. Linakaa linazaa, na gari linaendelea kupita pale pale kila siku, kwa sababu barabara ya kwenda Dar ni hiyo moja, Kiromo, Zinga, Kerege, Mapinga, Bunju, na kichochoro hakuna.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kupakwepa.

Ilikuwa masika ya mwaka 2022. Tairi letu la mbele kushoto lilikuwa kipara. Tulijua wote, mimi, suka na tajiri. Tajiri alikuwa amesema tuvute mpaka mwisho wa mwezi. Njiani, mahali sitapataja, tukasimamishwa. Askari akalizunguka gari taratibu, akafika mbele, akaligusa tairi kwa ncha ya kiatu.

"Konda, hiki nini?"

"Afande, tunabadilisha leo hii hii jioni."

"Kila siku mnabadilisha leo."

Akabonyeza namba ya gari. Akanyamaza. Akanigeuzia mashine nione: makosa manne, yote yameshazaa.

"Nikiandika la tano gari hili halitoki hapa," akasema. Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayekueleza kwamba mvua inakuja.

Ndani abiria wakaanza. "Konda, tunachelewa!" "Konda, mimi nina mgonjwa Mwananyamala!" Na mzee mmoja wa kofia na kanzu, sauti ya upole kabisa, akasema kutoka kiti cha nyuma: "Mpeni haki yake twende, vijana."

Haki yake! Sitalisahau neno hilo. Nikakunja 5,000 nikaiweka ndani ya leseni ya suka, kama mtu anavyoweka alama kwenye kitabu ili asisahau alipofika. Leseni ikaenda nzito ikarudi nyepesi. Askari akasema: "Tairi mbadilishe." Nikasema: "Ndiyo, afande." Na nilikuwa namaanisha, wallahi.

Tunarudi jioni, tumeshaipita Mapinga, tairi likapasuka. Suka alipigana na usukani kadiri alivyoweza, gari likaserereka likaingia kwenye mikorosho likalala upande. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Lakini kulikuwa na mama mmoja muuza samaki, mteja wetu wa kila siku, anakwenda Dar na ndoo zimejaa na kurudi nazo tupu. Mkono wake wa kulia ulivunjika chini ya kiwiko. Tulipomtoa hakulia. Alinitazama tu, akasema: "Mwanangu, si uliniambia gari zima?" Ni kweli nilimwambia. Ndiyo kazi ya konda, kusema gari zima mama, panda, siti ipo.

Mama yule sijamwona tena kituoni. Mkono wa kulia ndio wa kisu, wa kuparua magamba, wa kunyanyua ndoo, wa kuhesabu chenji. Wenzake wanasema yuko kwa binti yake, anasubiri upone vizuri.

Usiku ule nikashika simu nikaangalia madeni ya gari. Manne. Yale yale manne ya zamani. Siku ile ya tairi hakukuwa na kitu. Kwenye kumbukumbu za serikali, siku ambayo gari letu lilikuwa bovu kuliko siku zote ndiyo siku lililokuwa halina kosa. Wazee wangu wa kahawa, hapo ndipo naomba mnijibu. Askari aliliona tairi. Alilisema kwa mdomo wake. Alikuwa na mashine mkononi. Kilichomzuia asiliandike ni uzito wa yale manne yaliyokwishazaa. Faini ingekuwa ndogo, isiyo na watoto, angeiandika, nami ningelipa nikinung'unika, na pengine angetuambia tushushe abiria. Badala yake sote watatu, yeye, mimi na yule mzee wa kanzu, tukawa na haja moja tu: mashine inyamaze. Na 5,000 ikatosha kuinyamazisha.

Sijisafishi. Iliyokunja noti ni mikono hii. Na usidhani namsafisha askari. Nasema tu kwamba bei rasmi ndiyo inayopanga bei isiyo rasmi. Mtu anayekwepa 10,000 hatoi 5,000 kirahisi, lakini anayekwepa 180,000 anatoa 5,000 huku anamshukuru Mungu. Kila shilingi mnayoiongeza juu kule bungeni, huku chini inampandisha thamani yule atakayekubali kutoiandika.

Mwanzoni riwaya yangu ilikuwa na trafiki, sura ya tatu, mwenye kitambi, jasho shingoni na meno ya dhahabu. Niliirudia sura ile baada ya ajali nikaona aibu. Mtu yule hayupo. Aliyepo ni kijana wa rika letu, mwembamba, anakaa chumba cha kupanga, ana jua la tangu asubuhi utosini. Nikaichana sura. Sijaweza kuiandika upya, kwa sababu kila nikimwandika askari najikuta namwandika konda.

Sisi watu wa Bagamoyo tungepaswa kulielewa jambo hili mapema kuliko wengine, maana tuna neno lake. Enzi za misafara, wapagazi walipotoka hapa kwenda Tabora na Ujiji, kila mtawala wa bara ambaye msafara ulipita kwake alidai hongo: vitambaa, shanga, waya. Hongo wakati huo haikuwa siri. Ilikuwa ada ya njia. Ilijadiliwa mchana, ikatolewa mbele za watu, na aliyeipokea alikuwa na wajibu: msafara upite salama katika nchi yake na wapate kununua chakula. Leo hongo ni neno la kunong'ona. Nashangaa njia yote liliyotembea neno hilo, maana faini yetu naiona inatembea njia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba yule mtawala wa zamani alikaa pale pale njia ilipopita. Msafara ukiporwa kwake, jina lake lilichafuka. Faini ya leo inakatwa Zinga na kwenda serikali kuu. Halmashauri ya wilaya haina fungu lake humo. (Si jambo geni kwetu. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu Dar es Salaam, na tangu hapo tumezoea kuviona vitu vizuri vikipita hapa vikielekea kwingine.)

Hapo nafika kwenye mtoto wa pili wa faini, ambaye watu hawamzungumzii.

Halmashauri nazo zinahitaji pesa. Nyingi zimepokonywa vyanzo kimoja baada ya kingine. Kodi ya majengo ilipelekwa TRA mwaka 2016, ya mabango ikafuata 2017. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya 20,000, na amri kwamba aliye nacho asisumbuliwe kwa ushuru. Mwaka 2021 kodi ya majengo ikaingizwa kwenye umeme wa LUKU. Katika yote hayo halmashauri ilibaki na silaha yake moja ya tangu 1982, sheria ndogo. Na mwenye nyundo, kila kitu anakiona msumari.

Nilikuwa kwenye stendi moja ya huku pwani, siitaji. Tulishusha abiria upande ambao haukutakiwa. Lilikuwa kosa la barabarani waziwazi, na trafiki alikuwa hatua chache tu, anatuona. Hakusogea. Aliyesogea ni mgambo wa halmashauri na kitabu chake. Akaandika. Nikaisoma risiti: "Uchafuzi wa mazingira." Nikamwuliza, kaka, tumechafua nini? Akanijibu bila hasira: "Nikiandika la barabarani si letu hilo. Hili ndilo letu." Jamani, niliicheka risiti ile kisha nikaitunza ndani ya daftari. Kosa moja, lina majina mawili, na jina linachaguliwa kwa kuangalia pesa itaingia mfuko gani. Sambamba na sisi aliandikwa mama wa maandazi kwa sababu beseni lake lilivuka mstari. Naye kosa lake lilikuwa mazingira. Mwandishi gani wa vichekesho angethubutu?

Nilidhani ni ujanja wa kwetu Bongo tu. Baadaye nikaja kusoma habari za California, kule Marekani, nikakuta ndugu zetu walitutangulia. Kule faini ya msingi ya kupita taa nyekundu ni dola 100, lakini jimbo, wilaya na mahakama kila mmoja anaongeza fungu lake juu, na dereva anajikuta analipa karibu dola 490. Mji ambao polisi wake ndio waliomkamata unaambulia kipande. Basi miji kadhaa ikafanya alichofanya mgambo wangu: kosa la barabarani likaandikwa kwa sheria ndogo ya mji, kwa bei ya chini, pesa ikabaki nyumbani. Dereva akafurahi, mji ukafurahi, jimbo likanuna. Mwaka 2010 wakapitisha sheria ya jimbo ya kuikataza miji mchezo huo. Lakini madeni yaliyozaa yalikuwa yamewaelemea watu, leseni zimefungiwa, watu hawaendi kazini kutafuta pesa ya kulipia leseni ambayo wangeitumia kwenda kazini. Mwaka 2015 Gavana Jerry Brown akafungua kipindi cha msamaha wa madeni ya zamani, na 2017 wakaacha kabisa kumfungia mtu leseni kwa sababu tu kashindwa kulipa faini ya barabarani. Mwaka huo huo wa 2015, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti juu ya mji wa Ferguson, Missouri, ikasema polisi na mahakama ya pale waliendeshwa na haja ya mapato kuliko usalama wa watu. Kwa hiyo msiniambie mambo haya ni ya nchi maskini. Tofauti ni kwamba ujanja wao uliandikwa kwenye karatasi, ukaonekana, ukabishaniwa bungeni. Wa kwetu unakunjwa ndani ya leseni.

Najua jibu la kahawani. "Kijana, bila nyongeza nani atalipa?" Mzee wangu, gari linapita pale pale kila siku na deni linafuata namba yake. Litakimbilia wapi? Na kama unataka ushahidi, uliza bodaboda. Kabla ya ile bajeti ya 2021, kijiweni kwetu kijana akikamatwa alikuwa anapiga magoti kabla hajaulizwa kosa. Hesabu ya tajiri ilikuwa 7,000 kwa siku, faini 30,000. Akiandikiwa, siku nne zimekufa, na bosi anachukua pikipiki yake. Ilipokuwa 10,000, nikaanza kusikia maneno ambayo sikuwahi kuyasikia maishani mwangu: "Niandikie tu, afande." Si wote, na si kila siku. Lakini niliyasikia. Kijana ambaye anaweza kusema niandikie ni kijana ambaye kosa lake litaonekana kesho kwenye mashine, na akilirudia tena na tena itajulikana kwamba ni yeye. Yule wa magoti haonekani popote.

Wala sidai madereva waachwe. Mimi nimo humo mlangoni, nimening'inia, nazijua dhambi zetu kuliko mkaa kahawani yeyote: tunazidisha, tunakatisha ruti, tunafukuzana na gari la mbele kwa sababu ya abiria wawili wa Kerege. Tuandikwe. Lakini tairi kipara lisilipiwe kwa pesa, lilipiwe kwa tairi. Gari lisitoke pale mpaka libadilishwe, na abiria warudishiwe nauli mbele ya askari, hata kama wanamtukana konda. Kosa la mlimiki liende kwa mmiliki kwa jina lake, konda asilirithi pamoja na sare. Nyongeza ifutwe. Na sehemu ya pesa irudi ilikokatwa, ionekane: pundamilia mbele ya shule, tuta, kibanda cha kituo ili watoto wasisubiri gari ukingoni mwa lami. Mtu akiliona tuta lililojengwa kwa 10,000 yake atatukana, lakini atajua kwa nini. Na orodha ya makosa ya kila gari ibandikwe stendi, kwa maandishi makubwa. Mama wa samaki anasoma vizuri tu. Angesoma kabla ya kupanda, asingenihitaji mimi kumwambia gari zima.

Wenzangu waandishi, na ninyi nina neno. Hadithi nyingi tunazoletewa katika kurasa hizi bado ni za msichana wa Masaki na kijana wa Tandale, barua ya mwisho, mvua inanyesha. Sizidharau, mimi mwenyewe ninazo mbili. Lakini siku moja kaa na konda, umwombe daftari lake, uangalie safu ya "njiani". Jumatatu 5,000. Jumanne 5,000. Jumatano 10,000. Alhamisi hakuna, halafu mbele yake kwa kalamu nyingine: "mvua". Hiyo ni hadithi, na imeandikwa na mtu ambaye hakujua anaandika.

Mimi safu yangu nimeacha kuiita "njiani". Wiki tatu sasa naandika kosa lenyewe: taa, abiria 6 zaidi, mkanda, na kiasi, na kama kiliandikwa au hakikuandikwa. Tajiri aliona akaniuliza hii nini. Nikamwambia ni hesabu. Akasema hesabu gani hii, inatutia hatiani. Sikumjibu, maana ni kweli.

Leo asubuhi kabla ya safari ya kwanza niliangalia tena namba ya gari kwenye simu. Tunadaiwa makosa mawili. Moja lina siku mbili. Jingine lina siku sita, na kesho ndiyo ya saba. Nimempigia tajiri kumwambia tulipe leo kabla halijazaa. Kasema nisubiri jioni, kuna mtu anamdai, akimpa atanitumia. Sasa ni saa mbili usiku na simu ninayo mkononi.